Waliozima Moto Nao Walale

Likizo ndefu hutukuta sisi waseminari wa Mnyambe tukiwa nyumbani, wakati mikorosho inachanua. Ni kiangazi, nyasi zimekauka, na moto wa mtu anayesafisha shamba au kuwinda panya huvuka mpaka upesi.

Usiku ule yowe lilipopigwa tulitoka pamoja na vijana wenzetu, wengine pekupeku. Huku juu kwenye uwanda wa Makonde maji ni ya shida hata ya kunywa. Moto tunaupiga kwa matawi mabichi na mchanga, na mbele yake tunafyeka njia kwa panga na majembe. Tulirudi alfajiri. Mchana tukaenda shambani kama kawaida, na usiku wa pili tukaitwa tena, maana visiki vilikuwa bado vinafuka.

Moto uliisha; usingizi haukurudi. Mwenzetu mmoja, aliyekuwa hodari kuliko sote, akawa anaketi mlangoni mpaka jogoo wawike. Akisinzia kidogo hushtuka, akidhani yowe limepigwa. Akawa mkali kwa mke wake, akaanza kutafuta usingizi kwenye pombe. Sisi tukamtania kwamba ameajiriwa ulinzi. Kumbe baadhi yetu nao walikuwa hawalali, ila walinyamaza.

Hapo tulikosea. Mwili ulioona hatari huweza kubaki macho hata hatari ikishapita, na usingizi ukikosekana siku nyingi, hasira, usahaulifu na kukata tamaa hufuata. Huo si uoga, wala si upungufu wa imani. Nabii Eliya, aliyeomba moto ukashuka Karmeli, muda mfupi baadaye alichoka akaomba afe. Tusome sura ya 19 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme: Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimwacha alale, akamlisha, akamwacha alale tena.

Tulimwendea mwenzetu, tukamwomba radhi, tukakaa naye jioni nyingi. Alipoanza kusimulia, nasi tukasimulia yetu. Kisha tukamsindikiza zahanati. Hajapona kabisa, lakini pombe ameipunguza, na kuna usiku analala. Siku hizi tunakwenda kwa zamu: aliyekesha kwenye moto halimi kesho yake, jirani humshikia jembe.

Ndugu msomaji, hata parokiani kwako wapo wanaoitikia yowe usiku. Ukishawashukuru, waulize pia: Je, mnalala?