Gari moshi lisilo na moshi: Dar hadi Dodoma na watoto

Ijumaa jioni, stesheni ya treni ya umeme jijini Dodoma hujaa watu wenye begi moja dogo mgongoni. Hawana masanduku wala viroba vya mchele. Wengi ni watumishi wa umma na wafanyakazi wa mashirika yaliyohamia makao makuu, huku wenza na watoto wao wakiwa bado Dar es Salaam. Wiki nzima wamekuwa wazazi kwa simu: kusaidia hesabu za darasa la tano kwa video, kuuliza kama homa imeshuka, kumtakia mtoto usiku mwema kwenye kioo. Sasa wanakwenda nyumbani, na wanajua watafika kabla mji haujalala.

Familia za namna hii zina historia yake. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, lakini kwa miongo kadhaa ofisi nyingi zilibaki pwani. Mwaka 2016 agizo lilitolewa upya na safari hii likatekelezwa. Wizara zikafunga virago. Wapo waliohama na familia nzima, na wapo waliotangulia peke yao kwa sababu ya shule ya mtoto, kazi ya mwenza, nyumba isiyokwisha au mgonjwa anayehudhuria kliniki Muhimbili. Kwao barabara ya Dodoma hadi Dar ikawa sehemu ya ndoa na ya malezi: saa nane hadi kumi ndani ya basi kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Ukitoa muda wa kulala, wikiendi ilibaki na nini?

Umeme wa ndani ya gari na umeme wa kwenye waya

Siku hizi kwenye mazungumzo ya wazazi, gari la umeme halikosi kutajwa. Wengine wameona bajaji za umeme Dar, wengine wameona magari madogo ya umeme yakipita kimya kimya mjini. Swali la mtu wa Dodoma huwa moja: litanifikisha?

Hesabu yake si ngumu. Kwa mteja asiye kwenye kundi la matumizi madogo, LUKU ya shilingi 10,000 hutoa kama uniti 28. Gari la umeme la familia lenye betri ya uniti 60 litajazwa kwa shilingi 21,000 na ushee, fedha ambayo haitoshi hata nusu ya tanki la petroli. Lakini kwa plagi ya kawaida ya ukutani betri hiyo huchukua karibu siku nzima kujaa, na ikijaa itakwenda kama kilomita 300 za barabara kuu. Kutoka Dodoma hadi Morogoro ni kama kilomita 260. Mwenye gari hilo atafika Morogoro akiikodolea macho asilimia iliyobaki, na kurudi ni kupanda mlima.

Hivyo chombo cha umeme chenye kasi ambacho familia nyingi za Dodoma zimekizoea kwanza ni kile cha relini. Kiswahili kiliita treni gari la moshi, au garimoshi, kwa sababu ya kile kilichotoka kwenye bomba lake. Jina limebaki ingawa moshi haupo tena. Na tofauti kubwa kati yake na gari la umeme la nyumbani ni kwamba treni haibebi umeme wake. Inauchukua kwenye waya uliotandazwa juu ya reli, wenye msongo wa kilovolti 25, mwanzo wa safari hadi mwisho. Dereva hahesabu asilimia za betri. Wasiwasi wa mwenye gari uko ndani ya gari lake, ila wa abiria wa treni uko juu, kwenye waya ambao behewa zima linautegemea.

Kilomita 444 za kupanda

Safari za treni hiyo kati ya Dar es Salaam na Dodoma zilianza Julai 25, 2024, na Rais Samia Suluhu Hassan akazizindua rasmi Agosti 1 mwaka huo. Baadaye ikaja treni yenye pua iliyochongoka ambayo watu waliibatiza Mchongoko. Kasi ya juu ni kilomita 160 kwa saa, na safari nzima huchukua chini ya saa nne.

Likizo za shule zikifungwa, mwelekeo hugeuka. Sasa watoto ndio wanaopanda treni kumfuata baba au mama Dodoma, na hapo ndipo safari inapopendeza kuitazama.

Jambo la kwanza linalowashangaza watoto ni ukimya. Wamefundishwa wimbo wa treni, wanasubiri mlio na mtikisiko. Badala yake nguzo za stesheni huanza kusogea nyuma taratibu, na mtoto huuliza kama ni treni inayoondoka au ni jengo. Pugu, Soga na Ruvu hupita kwa haraka, minazi na miembe ikitoa nafasi kwa vichaka. Baada ya Ngerengere, milima ya Uluguru hujitokeza upande wa kusini, na Morogoro hufika kabla mtoto hajamaliza juisi yake.

Kutoka Morogoro reli hukata mbuga ya Mkata, kisha Kilosa, na hapo ardhi hubadilika. Treni huingia kwenye milima, hupita kwenye mahandaki, na masikio ya watoto huziba kidogo. Chini kuna mto Mkondoa, ambao wazee wa reli wanaufahamu kwa ubaya. Mara nyingi mvua kubwa zimeufanya mto huo kuifagia reli ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliikata njia na kusimamisha safari. Reli hiyo nyembamba, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar mwaka 1905 na kuifikisha Dodoma mwaka 1910, ilifuata bonde kwa sababu haikuwa na njia nyingine ya kupanda.

Ukishapita Gulwe, uwanda wa kati hujifungua. Anga inakuwa pana, udongo unageuka mwekundu na kijivu, mibuyu inasimama peke yake kama imegombana na miti mingine. Kuanzia Desemba hadi Aprili kuna kijani cha mtama, uwele na alizeti. Nje ya miezi hiyo ni vumbi, mbuzi na mito ya mchanga mtupu.

Mwinuko kutoka bahari hadi Dodoma ni zaidi ya mita 1,100. Lori lenye mzigo likipanda Gairo husikika likilalamika. Mota za umeme hazina mlio huo, kwa kuwa nguvu yake hupatikana yote tangu mwanzo. Wakati wa kushuka, mota za treni za umeme zinaweza kugeuka majenereta, zikapunguza mwendo bila kutegemea msuguano wa breki peke yake.

Kwa familia za ukanda huu, habari ya breki si ya kiufundi tu. Juni 24, 2002, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima katika eneo la Igandu na Msagali ilishindwa breki, ikaserereka kinyumenyume na kugonga treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha. Leo Igandu ni moja ya stesheni za reli mpya. Vijana hupita pale wakiwa na simu masikioni, lakini wapo abiria wa makamo ambao hunyamaza kidogo treni inapokaribia.

Siku waya uliponyamaza

Abiria wa mwanzo wa chombo chochote kipya ndio hulipa ada ya kujifunza. Mwishoni mwa Julai 2024, safari za Dodoma zikiwa hazijamaliza hata wiki mbili, treni ilisimama kwa karibu saa mbili kati ya Kidete mkoani Morogoro na Godegode mkoani Dodoma. Shirika la Reli Tanzania lilieleza kuwa hitilafu ya umeme ilisababishwa na wanyama, wakiwamo ngedere na bundi, waliogusa miundombinu. Nchi nzima ilicheka. Mitandaoni ngedere wakawa mashujaa wa wiki.

Kwa mzazi aliyebeba mtoto mchanga, saa mbili porini si kichekesho. Behewa la kisasa hupozwa kwa kiyoyozi, na kiyoyozi hula umeme uleule unaoendesha treni. Waya ukinyamaza, hewa nayo huanza kuwa nzito, na maziwa yaliyopangwa kutosha saa nne yanatakiwa kutosha sita.

Mambo mengi yamerekebishwa tangu wakati huo, na nchi ina umeme mwingi zaidi. Bwawa la Mwalimu Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, liliingiza mtambo wake wa kwanza kwenye gridi Februari 2024. Hata hivyo, hakuna chombo kisichokwama. Oktoba 2025 treni ya Mchongoko iliacha njia Ruvu, mkoani Pwani. Kuyataja haya si kuwatisha wasafiri. Shirika la Afya Duniani linaonyesha kuwa ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 duniani kila mwaka, na ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka mitano hadi 29. Mzazi aliyemtoa mtoto kwenye basi la usiku na kumpandisha treni amepunguza hatari kubwa kwa kuchukua ndogo. Hiyo ndogo anaweza kujiandaa nayo.

Begi la mzazi

Abiria waliozoea njia hii hufunga begi kwa hesabu ya safari mara mbili. Kama safari ni ya saa nne, maji, maziwa na nepi huwa vya saa nane. Mtoto anayenyonya hana shida kubwa iwapo mama naye anakunywa maji ya kutosha.

Dawa za kila siku hukaa begi la mkononi, si sanduku. Hili ni muhimu zaidi kwa wenye pumu, kifafa, kisukari na selimundu. Inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu nchini kila mwaka, na kwao upungufu wa maji mwilini na baridi vinaweza kuamsha maumivu makali. Dodoma ina vyote viwili: hewa kavu mchana, na usiku wa Juni na Julai upepo unaomshangaza mtoto aliyetoka Temeke na fulana. Sweta linafaa kuwa juu ya begi.

Kichefuchefu cha safari huwapata sana watoto wa miaka miwili hadi 12. Wanaokodolea simu huumia haraka kuliko wanaotazama mbali nje. Chakula chepesi kabla ya safari kinatosha. Sambusa na soda vinaweza kusubiri. Masikio yakiziba kwenye mahandaki, mtoto mkubwa apewe kitu cha kutafuna na mchanga anyonye. Mjamzito asikae saa nne bila kunyanyuka. Ainuke na kutembea kwenye ujia kila baada ya muda, damu ya miguu ipate kuzunguka.

Kuhusu fedha, nauli zilizotangazwa na LATRA mwaka 2024 kwa daraja la kawaida ni shilingi 31,000 kwa mtu mzima kutoka Dar hadi Dodoma. Mtoto wa miaka minne hadi 12 hulipa nusu, na aliye chini ya miaka minne husafiri bure. Mama mwenye mtoto wa miaka saba na mwingine wa miwili atalipa shilingi 46,500 kwenda. Kurudi ni vilevile, na hapo bajaji ya kutoka stesheni haijahesabiwa.

Jumapili

Treni imebadilisha pia njia za wagonjwa. Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma, iliyoanza kupandikiza figo mwaka 2018, sasa iko karibu na mgonjwa wa Morogoro kuliko zamani. Vilevile mtoto wa Dodoma mwenye tatizo la moyo anaweza kuwahi kliniki Dar na kurudi bila kulala kwenye benchi la kituo cha basi.

Lakini kuna kitu ambacho kasi haijakifupisha. Jumapili jioni stesheni ya Dar huwa na kundi jingine: watoto waliokuja kusindikiza. Mdogo kabisa hukumbatia mguu wa suruali na kukataa kuachia. Zamani baba alikuja mara moja kwa mwezi, na mtoto alikuwa ameshazoea kutokuwapo kwake. Sasa anakuja kila wiki, na kila wiki mtoto anaagana upya.

Wataalamu wa malezi husema mtoto huvumilia kuachwa anapojua siku ya kurudi. Wazazi wa njia hii wamejifunza kuitaja: "Ijumaa, ukimaliza kula, utasikia nabisha hodi." Mtoto huhesabu kwa vidole. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Treni huondoka kimya, bila moshi wa kupungia mkono, na mama humshika mkono wakatafute daladala ya kurudi Temeke kabla giza halijaingia.