Hakuna Kilichoonekana

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Lakini wao waliufikiria ufa wa nyumba, ambao hata mtoto atauonyesha kwa kidole. Mimi riziki yangu imetoka katika nyufa zisizoonekana kwa jicho tupu, nyufa za vipuri vya ndege.

Njia yenyewe si ya ajabu. Zamani mafundi wa reli walichovya ekseli katika mafuta machafu, wakazifuta, kisha wakazipaka chokaa. Palipokuwa na ufa, mafuta yalichuruzika tena na kuitia doa chokaa. Sisi hutumia rangi nyekundu, au ile inayong'aa kijani chini ya taa ya urujuanimno. Kipuri huoshwa, hukaushwa, hupakwa rangi na kuachwa dakika kumi, hata thelathini, ili ijipenyeze. Kisha ya juu hufutwa, na unga mweupe huifyonza iliyobaki ndani.

Hapo pa kufuta ndipo penye kazi. Kijana mgeni hupenda kumimina kiyeyushi moja kwa moja juu ya chuma, kwa kuwa kinatakata upesi. Kinatakata kweli, na rangi iliyokuwa ndani ya ufa nayo imeoshwa! Kitambaa hulowanishwa kidogo tu, ukafuta taratibu.

Kijana mmoja aliniambia, "Mzee, hiki hakina ufa." Nikamwuliza, "Hakina, au hujauona?" Akacheka, akidhani namtania. Rangi ikichora mstari, nina neno la kuandika. Isipochora, ninachojua ni kwamba hakuna kilichoonekana, basi.

Tarehe 19 Julai 1989, ndege aina ya DC-10 ya shirika la United, iliyokuwa ikitoka Denver kwenda Chicago, ilipasuka diski ya feni ya injini ya mkiani. Vipande vikaharibu mifumo yote mitatu ya haidroliki. Marubani waliiongoza kwa kuongeza na kupunguza nguvu za injini mbili zilizosalia, hadi Sioux City, Iowa, ikaangukia uwanjani. Walikuwamo watu 296; walikufa 112.

Diski hiyo ya titani ilikuwa imekaguliwa kwa rangi mwaka 1988, na baada ya hapo iliruka mara 760. Wachunguzi walikadiria kwamba siku ya ukaguzi ufa, uliokuwa ndani ya tundu la katikati, ulikwisha kufikia karibu nusu inchi. Vipande vilipookotwa shambani miezi mitatu baada ya ajali, ndani ya ufa zilikutwa alama za kemikali za aina ya zile za rangi ya ukaguzi. Yaelekea rangi iliingia. Kilichokosekana ni jicho.

Simlaumu upesi mkaguzi yule. Mtu aliyetazama vipuri mia vilivyo safi hukitarajia cha mia na moja kuwa safi, na jicho humtii.

Ndiyo maana kijana wangu humkalisha kwanza gizani mpaka macho yazoee, kisha hugeuza kipuri, hutia kioo ndani ya kila tundu, na kunieleza kwa mdomo anachokiona, upande baada ya upande. Hunung'unika kwamba namchelewesha. Wenye ndege nao hupiga simu, maana ndege iliyolala karakanani haiwaingizii kitu. Simu huiacha ilie.