Pentekoste na Pembe za Shamba

Ndugu msomaji, ukifungua kitabu cha Walawi, sura ya 23, utakuta kalenda. Ndiyo kalenda ya sikukuu walizoamriwa Waisraeli: Sabato, Pasaka, Majuma, Baragumu, Siku ya Upatanisho na Vibanda. Mimi ni karani wa parokia, kazi yangu ni madaftari na tarehe, kwa hiyo sura hiyo ilinipendeza tangu nilipokuwa chuo cha ualimu. Lakini nakiri kwamba niliisoma kama karani: nilitazama siku na mwezi, nikapita.

Mwaka jana Padre alinipa kazi ya kuwafundisha vijana wa kipaimara habari za Pentekoste. Nikaona yafaa kuanzia kwenye shina lake, yaani Sikukuu ya Majuma. Nilidhani nakwenda kuwafundisha wengine, kumbe nakwenda kufundishwa mimi.

Sikukuu hiyo ilikuwa hivi. Wakati wa Pasaka shayiri huanza kuiva katika nchi ya Israeli. Watu walimpelekea kuhani mganda wa kwanza, naye akautikisa mbele ya Mungu. Tangu siku hiyo walihesabu majuma 7 kamili, na siku ya 50, wakati wa mavuno ya ngano, walitoa mikate miwili ya unga mpya, nayo imetiwa chachu. Wayahudi waliosema Kiyunani waliiita siku hiyo Pentekoste, maana yake ya hamsini. Ndilo jina tulilo nalo hata leo.

Wako wanaodhani kwamba Pentekoste ilianza siku aliposhuka Roho Mtakatifu. Sivyo. Soma Matendo ya Mitume, sura ya 2. Kwa nini Yerusalemu ilijaa watu wa nchi nyingi namna ile, Waparthi na Wamedi, watu wa Misri na wa Roma? Ilikuwa sikukuu. Mungu aliwamwagia Mitume Roho wake siku ambayo taifa lao lilikuwa likimshukuru kwa ngano. Ndipo mavuno ya shamba yakawa mavuno ya watu, wakabatizwa siku ile watu kama 3,000.

Warumi walilibomoa Hekalu mwaka 70, basi mikate ile haitolewi tena. Lakini Wayahudi hawakuiacha sikukuu yao. Hata sasa huiadhimisha mwezi wa Mei au Juni, wakikumbuka hasa siku Mungu alipowapa Torati mlimani Sinai. Wengi wao hukesha usiku kucha wakijifunza, na ni desturi yao siku hizo kusoma kitabu cha Ruthu.

Hapo nikasimama. Kwa nini Ruthu? Yeye alikuwa mjane, tena mgeni kutoka Moabu, hana shamba. Alijilisha yeye na mkwewe kwa kuokota masuke yaliyosalia nyuma ya wavunaji, tangu shayiri mpaka ngano. Nikarudi Walawi 23, nikaona mstari wa 22 ambao miaka yote nilikuwa nimeuruka. Katikati ya kalenda, baada ya Majuma na kabla ya Baragumu, Mungu anakatiza habari za sikukuu na kuamuru kwamba mtu avunapo asivune mpaka pembe za shamba, wala asiokote masazo. Hayo ni ya maskini na ya mgeni. Kisha kalenda yaendelea. Tena sheria hiyo ilikwisha andikwa katika sura ya 19. Mbona yarudiwa hapa? Kwanza nilifikiri ni karani wa zamani aliyekosea, akaandika sheria ya shamba katika ukurasa wa sikukuu. La, aliyekosea ni karani wa siku hizi.

Sikiliza kisa changu. Mwaka uliotangulia, wakati wa sadaka ya mavuno, niliandika majina ya wenye nyumba wote wa kigango kimoja, na mbele ya kila jina kile alicholeta: magunia mawili, madebe matatu, kuku. Asiyeleta kitu nilimwandikia sifuri. Nikaibandika orodha mlangoni pa kanisa, mwandiko safi, mistari imenyoka. Watu wakasoma, na wengine wakacheka. Jumapili iliyofuata mama mmoja mjane hakuja Misa, wala ile ya pili, wala mwezi uliofuata. Mimi sikujua. Katika daftari langu hamna safu ya waliokosekana. Aliyeniambia ni katekista, nami nikanyamaza.

Baada ya kusoma mstari ule sikuweza kunyamaza tena. Nikaenda kwake.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu kigoda.”

Nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa ajili ya ile orodha. Akakaa kimya kitambo, kisha akasema, “Mwaka ule sikuvuna. Mahindi tuliyokula niliyaokota katika mashamba ya watu. Nilitaka kuleta pishi moja, nikaona haya kumletea Mungu kitu cha kuokota.”

Ndugu msomaji, sikuwa na jibu. Ruthu alikuwa parokiani kwetu, nami nilimwandikia sifuri siku ya mavuno.

Je, Wakristo tuzishike sikukuu za Wayahudi? Hatulazimiki. Mtume Paulo aliwaandikia Wakolosai kwamba hizo zilikuwa kivuli, na mwili wenyewe ni Kristo. Lakini tusizidharau, wala tusiwadharau wenye kuzishika. Bwana wetu mwenyewe alipanda Yerusalemu kwa sikukuu hizo, na Mtaguso wa Vatikano mwaka 1965 ulifundisha kwamba Wayahudi wasisemwe kuwa watu waliolaaniwa. Tusiposoma kalenda yao, Pentekoste yetu hukosa nusu ya maana. Kumbukumbu la Torati, sura ya 16, yataja wa kufurahi siku hiyo: mwana na binti, mtumishi, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Mmoja wao akibaki nje, sikukuu haijatimia. Nao waamini wa kwanza, walipokwisha kumpokea Roho Mtakatifu, walianza kugawana mali kadiri ya shida ya kila mtu. Hizo ndizo pembe zao za shamba.

Siku hizi hatubandiki orodha. Padre amekubali kwamba kabla nafaka ya sadaka haijauzwa, sehemu itengwe kwa wasiovuna. Mama yule amerudi Misa, ila bado hukaa karibu na mlango, nami sina haki ya kumwuliza kwa nini.

Basi ndugu, Pentekoste ijayo, kabla hujapima gunia la kumpelekea Mungu, nenda kwanza ukatazame pembe za shamba lako, uone kama umemwachia mtu kitu.