Sehemu ya 6: Wiki binti yangu aliyoanza awali

Wengi mmeniuliza mbona kimya wiki nzima. Jibu ni fupi: binti yangu ameanza shule. Darasa la awali, shule ya serikali hapahapa Mwanza, dakika kumi kwa miguu kutoka nyumbani. Kwa mliochelewa kujiunga, mimi ni nesi, tena ni baba (najua mkisikia nesi mnawaza mama), na huyu mtoto ana selimundu, ule ugonjwa ambao mtaani tunauita siko seli.

Nyumbani hatukuwa na kauli moja. Bibi yake mzaa mama alisema mtoto wa hivi akae kwanza mwaka mmoja, apate nguvu. Mama yake hakusema kitu, na wewe uliyeoa unajua kimya cha namna ile. Hoja yangu ilikuwa moja tu. Mwaka mmoja haupunguzi selimundu. Mwakani atakuwa nayo vilevile, ila atakuwa mkubwa kuliko wenzake na hajui hata kushika penseli. Watoto hawa tayari wanapoteza siku nyingi za masomo kwa kliniki na kulazwa. Kuwanyima mwaka mzima kabla hawajaanza, mimi naona ni kuwaonea.

Tukakubaliana aanze. Likabaki swali: mwalimu aambiwe au asiambiwe?

Hapa nisikilize vizuri wewe mwenye mtoto kama wangu. Nawajua wazazi wengi wanaoficha, na nawaelewa. Wanaogopa mtoto ataitwa "yule mgonjwa", wenzake watamkimbia wakidhani inaambukiza (haiambukizi, mtoto anairithi kutoka kwa baba na mama), au mwalimu atamweka pembeni kama yai. Lakini hebu fikiria mwalimu asiyejua anaona nini. Anaona mtoto ana macho ya njano. Anaona anachoka mapema. Anaona anaomba ruhusa ya chooni mara nne hata saa nne haijafika. Atasema huyu msumbufu, kaa chini.

Kumbe figo za mtoto mwenye selimundu hazishiki maji vizuri, mkojo unatoka mwingi. Na hapohapo sisi tunamsisitiza anywe maji kila wakati, kwa sababu mwili ukipungukiwa maji zile seli nyekundu zinajikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Ndo maumivu yanapoanzia. Ukimkatalia choo, mtoto ana akili, ataacha kunywa maji. Akiacha kunywa maji, usiku mnakesha wodini.

Basi Ijumaa kabla ya kufungua nikaenda. Sikuvaa sare ya kazini, maana ukienda na nyeupe zako mwalimu anajiona anakaguliwa. Ni mama mtu mzima, nikamwamkia shikamoo, akaniambia marahaba, karibu mzazi. Nikampa karatasi nusu ukurasa, nimeandika kwa mkono. Sikuweka maneno ya hospitali.

Nilimwandikia kwamba chupa ya maji ikae juu ya dawati lake muda wote, na choo asikataliwe. Acheze na wenzake, ila akisema amechoka aachwe apumzike. Mvua ikimnyeshea abadilishwe nguo haraka, kuna sweta na gauni kwenye begi. Akilalamika mguu au mkono unauma asipakwe maji ya baridi wala barafu, baridi inazidisha. Apewe maji ya kunywa, afunikwe, nipigiwe. Halafu sehemu ya chini nikaipigia mstari kwa wino mwekundu: akiwa wa moto, akipumua kwa shida, akipauka ghafla na tumbo kuvimba, mdomo ukipinda au upande mmoja wa mwili ukilegea, asisubiri mimi nifike. Bodaboda, hospitali, mimi nitawakuta huko. Homa ya nyuzi 38 kwa mtoto huyu siyo ya kusubiri kesho.

Mwalimu akasoma mara mbili. Akanyamaza. Akasema, "Mzazi, mwaka juzi nilikuwa na mtoto wa hivihivi. Analala darasani, mimi namsimamisha. Hakuna aliyeniambia." Akaikunja karatasi, akaiweka ndani ya daftari la mahudhurio. Kisha akauliza akae wapi. Nikamwambia karibu na mlango, choo kiwe jirani, bila kuwaeleza watoto sababu.

Kulikuwa na kazi nyingine, ya mtoto mwenyewe. Binti yangu akiumwa halii. Ananyamaza, anajikunja kwenye kona. Nyumbani tunamsoma usoni, ila darasa lenye watoto themanini na kitu nani atamsoma? Kwa hiyo mwezi mzima wa Desemba tulicheza shule. Mdoli ndo mwalimu, yeye ananyoosha kidole: "Mwalimu, mguu unaniuma." Mara mia.

Jumatatu akameza dawa zake, haidroksiurea na foliki asidi, tukatoka. Getini watoto wanalia, wamewashika mama zao khanga. Mimi nimezoea watoto wanaolilia mikononi mwangu nikiwachoma sindano. Sikuzoea anayenifukuza. Huyu aliniachia mkono, akasema, "Baba nenda kazini." Nikaenda, basi.

Saa nne na dakika ishirini simu ikalia, namba ya mwalimu. Nilikuwa nagawa dawa wodini. Nikamkabidhi mwenzangu toroli, nikatoka kwenye korido miguu haina nguvu. "Mzazi, mtoto mzima kabisa. Ila maji yameisha, amewagawia dawati zima. Nimjazie ya bombani au nyie mnachemsha?" Jamani. Nikacheka peke yangu kwenye korido mpaka mgonjwa akachungulia dirishani. Jumanne tukampa chupa mbili.

Alhamisi mwalimu akapiga tena, na safari hii sauti ilikuwa tofauti. Mtoto amenyoosha kidole, amesema mguu unamuuma. Nimemkuta amefunikwa kitenge cha mwalimu, ameshika chupa yake, amekaa palepale mlangoni. Hana homa, 37.1. Nyumbani dawa ya maumivu, maji, joto, mama yake akamkanda mpaka akalala. Hatukulazwa. Mliopitia mnajua tofauti ya kuanza dawa saa tano asubuhi na kugundua saa mbili usiku.

Ijumaa tulimpumzisha. Amenuna siku nzima, eti wenzake wamesoma herufi e bila yeye. Bibi yake ndiye aliyemchorea hiyo e kwa mkaa ukutani jikoni, na ameiandika mpaka ukuta umejaa.

Ile barua nitaipiga picha niiweke hapa kesho. Inakili, badilisha jina na namba ya simu, mpelekee mwalimu wako. Sehemu ya 7 nitaeleza namna ya kupapasa bandama la mtoto ukiwa nyumbani.