Ngozi Haijui Siku Saba

Ingia TikTok saa hii utafute mambo ya ngozi. Kabla chai yako ipoe utakuwa umeahidiwa uso mpya mara 10. Siku 7. Siku 3. Kuna mmoja juzi alisema usiku mmoja, na watu wakajaa pale chini wakiuliza bei. Mimi nakula kwa hii kazi ya kutengeneza video, kwa hivyo najua siku 7 zimetoka wapi. Zinatoshea. Unajirekodi Jumatatu hii, unajirekodi Jumatatu ijayo, unaunganisha, kwisha. Wiki 12 hazitoshei kwa klipu ya sekunde 30.

Shida ni kwamba ngozi haina akaunti. Ina kalenda yake. Seli mpya huzaliwa chini ya tabaka la juu la ngozi, inapanda pole pole, inakauka, mwishowe inabanduka. Kwa mtu wa umri wetu safari hiyo huchukua takriban siku 28, na kadiri unavyozeeka ndivyo inavyorefuka. Ndiyo maana daktari akikupa dawa ya chunusi anakwambia uipe wiki 6 mpaka 12. Hakuzungushi. Anangoja ngozi ambayo dawa iliipata kule chini ifike juu uione.

Sasa jiulize. Kama mzunguko mmoja tu ni karibu mwezi, ile krimu inayokubadilisha rangi kwa wiki moja imefanya nini huko ndani?

Mara nyingi jibu ni steroidi kali. Hiyo ni dawa halali, daktari huiandikia mtu mwenye ukurutu, tena kwa muda mfupi. Inazima mwasho na uvimbe haraka kweli. Lakini ukijipaka usoni miezi na miezi, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaanza kuonekana, na siku ukiacha, uso unalipuka kuliko ulivyokuwa mwanzo. Unafanya nini? Unarudi kununua nyingine. Muuzaji amepata mteja asiyeweza kuacha.

Au ni zebaki. Inazuia ngozi kutengeneza melanini, ndiyo unaona unang'aa, lakini inapenya mwilini na kuumiza figo. Dunia ilikubaliana kuihusu kwenye Mkataba wa Minamata mwaka 2013, na baadaye nchi zikaamua vipodozi vyote vyenye zebaki viondolewe kufikia 2025. Hapa kwetu KEBS pia imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Na bado utapata mtu anakupimia krimu kwa kikopo kisicho na jina, anakwambia "hii ni ya asili."

Mwezi wa 3 muuzaji mmoja alinitafuta. Video 3, shilingi 15,000, na lazima niseme "siku 7". Nikamwomba orodha ya vitu vilivyo ndani. Akaniambia ni siri ya biashara. Nikamwambia basi sitaweza, akanibloki. Sitajifanya sikuumia. Hiyo ilikuwa kodi yangu ya mwezi na change inabaki, na mimi sina mshahara unaoingia tarehe 30. Lakini nina binamu yuko kidato cha nne, ana chunusi, na kila kitu nikipaka anataka kupaka. Likizo iliyopita aliniuliza:

"Sasa wewe hutumia nini?"

"Sabuni isiyo kali, losheni, na sanskrini."

"Ni hizo tu?"

"Ni hizo tu."

"Tangu lini?"

"Tangu Januari."

Aliniangalia ni kama nimemtusi.

Namwelewa. Akiwa na miaka 17, Januari ni zamani sana. Lakini sisi wenye ngozi nyeusi ndio haraka hutugharimu zaidi. Chunusi yenyewe inaisha kwa siku chache, doa inaloacha linakaa miezi, kwa sababu ngozi yetu ikiumizwa humwaga melanini mahali hapo. Sasa ukiisugua na limau na chumvi ili doa litoke, umeiumiza tena, umejiongezea doa. Unapigana na kitu ambacho unakitengeneza mwenyewe kila asubuhi.

Kuna wale watasema kwenda pole pole ni mambo ya watu wa Karen, wenye mishumaa ya kunukia na wakati wa kupoteza. Piga hesabu. Mtu anayebadilisha krimu kila wiki 2 amenunua mikebe 6 kwa miezi 3. Anayetulia amenunua vitu 3, na pengine bado havijaisha. Kwa miguu na mikono iliyopauka, Arimis bado inafanya kazi, hata kama ilitengenezwa kwa chuchu za ng'ombe. Usoni kama una chunusi iache, ni nzito. Sanskrini ndiyo bei, hapo sitakudanganya. Kama huna, kofia na kivuli. Nairobi iko karibu na ikweta na juu ya mita 1,600, kwa hivyo jua linakuchoma hata ile Julai ya baridi na mawingu.

Faida nyingine ya kutulia ni kwamba unaanza kuona. Ukiongeza kitu kimoja kwa wakati, ukakijaribu kwanza ndani ya kiwiko siku kadhaa, uso ukiharibika unajua ni nani. Ukiongeza vinne pamoja utalaumu maji ya Nairobi. Vipele vimejaa kwenye paji la uso tu? Angalia mafuta yako ya nywele kabla ya kununua krimu ya uso. Vinakuja kidevuni kila mwezi, wakati ule ule? Hiyo ni homoni, na hakuna sabuni itaiondoa kwa kusuguliwa kwa nguvu.

Pole pole si kukaa tu. Kama chunusi zako ni kubwa, zinauma na zinaacha mashimo, nenda kwa daktari mapema, usingoje wiki 12 za kuangalia kioo. Na kama tayari unatumia krimu kali usiyojua ina nini, usiitupe ghafla kwa sababu umesoma hapa. Ibebe, umwonyeshe daktari, akusaidie kuiacha. Mimi chuo chenyewe sikumaliza, siwezi kukutibu kwa simu. Na yule wa siku 7 pia hawezi, isipokuwa yeye hakwambii.

Mwezi ujao nitaweka picha zangu, moja kwa kila mwezi tangu Januari, dirisha lile lile, bila filta. Tofauti ni ndogo, itabidi uvute picha ndio uione. Najua hiyo video haitaenda mbali. Nitaiweka tu, binamu yangu ataiona.