Besi ya Kabla ya 1965
Jirani yangu hapa Ngara hupiga besi, Ijumaa kwa klabu, Jumapili kanisani. Kodi humtoa jasho kila mwezi, lakini muulize Fender Jazz Bass ya 1964 inauzwa ngapi, atakujibu kabla hujamaliza swali. Lazima iwe ya kabla ya CBS kununua Fender mwaka 1965. Ati baada ya hapo kazi ya mkono ilishuka. Bei yake ni ya gari, tena si mkweche.

Mimi simcheki. Sikiliza Sina Makosa ya Les Wanyika, bendi iliyoundwa hapa Nairobi 1978. Toa sauti ya mwimbaji, toa solo, ibaki besi ya Tom Malanga pekee, na bado matatu nzima itajua ni wimbo gani. Kwenye benga pia besi haijifichi nyuma, inajibizana na solo.

Nikamwambia, lakini hivyo ni vidole, bro, si mwaka wa gitaa.

“Najua. Vidole ninavyo. Sasa nataka gitaa.”

Ana elfu tisini kwa sacco, hata robo haijafika. Mkewe anajua hizo ni za karo.