Tenzi za Nyanya, Mapambio ya Mjukuu

Jalada lilikwisha kung'oka zamani na kurasa zimeshonwa kwa uzi mweusi. Kitabu chenyewe ni Tenzi za Rohoni, na mwenyewe ni ajuza wa miaka 80 hivi, asiyewahi kuketi katika darasa la watoto. Alisoma ngumbaru, katika ile kampeni ya kufuta ujinga iliyoanzishwa nchini Kenya mwaka wa 1979. Kijitabu cha darasani kilipokwisha, alihamia kwenye tenzi. Nyimbo alizozijua kwa moyo ndizo zilizomfundisha maumbo ya maneno: sauti ilitangulia, kidole kikafuata. Hadi leo hakuna kitabu kingine akisomacho kwa wepesi huo.

Basi wazee wa kanisa walipoazimia kuviondoa vitabu na kuangaza maneno ukutani kwa projekta, ubishi ulizuka, na ulikuwa ule ule uliokwisha kuchosha masikio. Wakongwe walilalamikia gitaa na kelele za spika. Vijana wakalalamikia usingizi. Ajuza huyu hakuwa na neno juu ya gitaa. Alisema tu kwamba maneno ya ukutani huondoka kabla hajayafikia.

Mjukuu wake ndiye kiongozi wa kikundi cha sifa na kuabudu, tena ni mwanafunzi wa Kiswahili chuoni. Ana hoja yake, na si hoja ya kupuuzwa.

"Nyanya," alimwambia jioni moja wakichambua mboga, "nyimbo zenu zinakivunja Kiswahili."

Akautaja Mwamba Wenye Imara, tafsiri ya wimbo wa Mwingereza Augustus Toplady uliochapishwa mwaka wa 1776. Anwani hiyo ina mizani 7, na mdundo wa mahadhi yake ya kigeni huangukia mizani ya 1, 3, 5 na 7. "Mwamba" na "wenye" husalimika. Lakini "imara", neno ambalo kila msemaji hulitamka kwa mkazo kwenye "ma", hubebwa juu ya "i" na "ra", nayo "ma" hupitwa kituoni kama abiria asiye na nauli. Kiingereza hupenda kuufunga mshororo kwa pigo zito, ilhali Kiswahili huliweka pigo hilo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mfasiri afanye nini? Hufupisha huku kwa inkisari, hurefusha kule kwa mazida, na bado mkazo humponyoka. (Hata jina la kitabu lina kichekesho chake: nyingi za nyimbo hizo hazina mizani 8 kwa kila kipande, wala vina vya utenzi tuujuao.) Pambio lililotungwa kwa Kiswahili tangu mwanzo halina taabu hiyo. Huimbika jinsi linavyosemwa.

Hapo binti amesema kweli. Lipo, hata hivyo, asilolitaja. Pambio aghalabu ni mshororo mmoja au miwili irudiwayo hadi jasho litoke. Wimbo wa kitabuni huondoka mahali ukafika pengine. Huo wa Toplady humchukua mwimbaji hatua kwa hatua hadi kaburini na kumvusha, ndiyo maana matangani watu huuanza bila kuulizana. Fauka ya hayo, Wakenya wangapi wana beti za Kiswahili moyoni, ambazo hawakuzikariri kwa ajili ya mtihani, isipokuwa hizi?

Mjukuu alijaribu suluhu. Aliyachukua maneno ya zamani, akayatungia mahadhi mapya ambamo "ma" ilipata haki yake, akamwimbia nyanyake sebuleni. Yalikuwa mahadhi mazuri. Ajuza alisikiliza hadi mwisho, kitabu kikiwa wazi pajani.

"Maneno ni yale yale, mjukuu wangu," alisema. "Lakini kidole changu hakijui pa kwenda."

Vitabu vilitiwa katika maboksi na kufungiwa stoo. Kimoja kilibaki ndani ya mkoba. Jumapili iliyofuata projekta iliangaza beti 2 za wimbo wenye beti 4, kisha kikundi kikaurudia ubeti wa kwanza. Safu ya tatu kutoka mbele, sauti nyembamba ilikuwa imekwisha kuingia ubeti wa tatu. Mjukuu, maikrofoni mkononi, alinyamaza akimngoja amalize.